Bei ya Chumba Goma na Mnada wa Kufumba Macho

Chumba cha hoteli kisipopata mgeni usiku wa leo, fedha yake haipatikani tena kesho. Muuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: bei ya asubuhi si bei ya jua likizama. Ni kanuni hiyohiyo iliyozaa, huko Marekani mwaka 1998, biashara ya kuuza vyumba kwa mnada wa intaneti, ambamo msafiri hutaja bei anayoitaka na kuambiwa jina la hoteli baada ya kulipa. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, haukuwahi kuingia katika mnada huo. Ulikuwa na mnada wake wa kaunta, wa ana kwa ana, na ulikuwa umezoeleka kabla ya intaneti kufika.

Suala la vyumba na bei zake limerudi kwa uchungu tangu Januari 2025. Tarehe 27 ya mwezi huo waasi wa M23 waliingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa na benki za biashara zikafunga milango. Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Aprili, Hifadhi ya Virunga ilitimiza miaka 100. Katika nchi yenye amani, sikukuu ya namna hiyo ingejaza vitanda vyote vya ufukweni kuanzia mpakani hadi mtaa wa Himbi. Goma, ambao kwa karne nzima umekuwa mlango wa hifadhi hiyo, uliipokea bila ndege na bila watalii.

Mji wenyewe ulianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, ukitazamana na Gisenyi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, wageni walianza kuja kwa ajili ya milima ya moto, wanyama na hewa ya baridi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu halina mamba, na hilo lilikuwa tangazo tosha kwa Wazungu waliotafuta mahali pa kuogelea. Hoteli ya Grands Lacs, katikati ya mji, ni mtoto wa enzi hiyo ya ukoloni. Bei ilibandikwa ukutani na haikujadiliwa. Mkongomani aliingia humo kama mpishi, dobi au mlinzi. Kulala kama mgeni halikuwa jambo lililofikiriwa.

Uhuru wa mwaka 1960 ulifungua milango hiyo, na tangazo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973 likahamishia biashara nyingi za wageni kwa Wazairwa, kama Wakongomani walivyoitwa enzi hiyo, wengine wakiwa na ujuzi wa kuziendesha, wengine wakiwa na ujamaa na wakubwa tu. Mobutu mwenyewe aliupenda mji huu na alikuwa na makazi kando ya ziwa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoundwa mwaka 1976 na kuweka makao yake Gisenyi, ilileta wajumbe wa nchi tatu waliovuka mpaka kwa mikutano na kwa chakula cha jioni. Hoteli kama Karibu, nje kidogo ya mji kwenye ufukwe, zilikuwa na wateja wa aina hiyo.

Kilichobadilisha bei ya chumba zaidi ya siasa ni kuanguka kwa fedha. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya uporaji Januari 1993. Oktoba mwaka huo ilitangazwa zaire mpya, moja ikiwa sawa na milioni 3 za zamani. Hakuna mwenye hoteli ambaye angeweza kubandika bei ya wiki katika hali hiyo. Dola ya Marekani ikawa kipimo, na pamoja nayo ukazaliwa utaratibu unaoendelea hadi leo: bei hutajwa kwa dola, chenji hurudishwa kwa faranga, na noti iliyochanika hata kwa upana wa ukucha hukataliwa. Mgeni anayejua mji huzikagua noti zake kabla hajafika kaunta, maana mapatano mazuri ya bei yanaweza kuvunjwa na kona moja iliyopasuka.

Kisha ukaja mwaka 1994. Wanajeshi wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise walifika Juni na kuufanya uwanja wa ndege wa Goma kuwa kituo chao. Kuanzia tarehe 14 Julai, kwa siku chache tu, karibu wakimbizi milioni 1 wa Rwanda walivuka mpaka. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Nyuma ya msiba huo walikuja waandishi wa habari, madaktari, marubani na mashirika ya misaada kwa mamia, katika mji ambao hoteli zake zilijengwa kwa ajili ya watalii wachache. Hapo hapakuwa na nafasi ya kuomba upunguziwe.

Mashirika yalibaki. Vita vya 1996 na 1998 vilipita juu ya mji, kundi la waasi la RCD likaufanya makao yake, Umoja wa Mataifa ukaleta askari wake, na mlima Nyiragongo ukamwaga lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ukaacha watu zaidi ya 100,000 bila makazi na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Watu walijenga upya juu ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa na joto. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ghent, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika mwaka 2010 jinsi fedha za misaada zilivyougeuza mji huu: nyumba za kifahari za kando ya ziwa zilipangishwa kwa mashirika kwa bei ya dola, mikahawa na hoteli zikaota, na kodi ikapanda hadi mwenyeji wa kipato cha kawaida akasukumwa pembeni. Maelezo yao yanaeleza bei ya chumba Goma vizuri kuliko kitabu chochote cha utalii. Mteja mkuu wa hoteli hakuwa tena anayelipa kutoka mfukoni mwake. Alikuwa anayelipiwa na ofisi, akahitaji risiti yenye muhuri, na hakuwa na sababu ya kubishania dola 20.

Ndipo zikazaliwa bei mbili, na wakati mwingine tatu, kwa chumba kimoja. Kuna bei ya shirika, ambayo ndiyo huandikwa. Kuna bei ya mfanyabiashara wa Butembo au Bukavu anayekuja kila mwezi. Na kuna bei ya anayekaa muda mrefu, ambaye husikilizana na mwenye hoteli mwenyewe. Mazungumzo hayana haraka. Mgeni husalimia kwanza, huuliza habari za nyumbani, kisha husema: Mama, unipunguzie kidogo, nitakaa juma zima. Mama wa mapokezi hujibu kwamba bei si yake, ni ya patron, yaani mwenye hoteli. Mgeni huomba kuonyeshwa chumba. Humo ndimo mnada hufanyika hasa: anafungua bomba kuona kama maji ya moto yanatoka, anauliza jenereta huzimwa saa ngapi, anachungulia kama dirisha linatazama ziwa au ukuta wa jirani, anauliza kama chai ya asubuhi imo. Kila kasoro ni dola kadhaa. Wakirudi kaunta, bei ya patron huwa imelegea, na pande zote mbili zinajua kwa nini.

Wakati Goma ukiendesha biashara yake hivyo, mtu mmoja wa jimbo la Connecticut, Jay Walker, alikuwa akiitafutia hataza. Kampuni yake ya Walker Digital iliomba ulinzi wa kisheria mwaka 1996 kwa mfumo ambao mnunuzi hutaja bei na masharti yake kupitia mtandao wa kompyuta, huku akijifunga kwa kadi ya benki kwamba atalipa endapo muuzaji yeyote atakubali. Tarehe 11 Agosti 1998 ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa hataza namba 5,794,207. Wakati huo kampuni yake ya Priceline ilikuwa imekwisha kuanza kuuza tiketi za ndege kwa njia hiyo, na vyumba vya hoteli vikafuata mwaka huohuo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Msafiri alichagua mji, sehemu ya mji na daraja la hoteli kwa idadi ya nyota. Akaandika bei aliyo tayari kulipa, akaweka namba ya kadi. Kama kulikuwa na hoteli iliyokubali, fedha ilikatwa papo hapo, bila kurudishwa, na hapo ndipo jina lilipofunuliwa. Kama hakuna aliyekubali, msafiri alipaswa kusubiri kabla ya kujaribu tena, isipokuwa abadilishe kitu katika ombi lake. Wajanja wakagundua upenyo: walianza na sehemu moja ya mji, wakakataliwa, wakaongeza sehemu nyingine ambayo walijua haina hoteli ya nyota walizotaja, hivyo wakapata nafasi ya kutaja bei mpya bila kuhatarisha kupelekwa mbali. Kwa subira ya namna hiyo mtu aliweza kupanda dola tano tano hadi akaigusa bei ya siri ya hoteli.

Maana bei ya siri ilikuwapo. Jina la mnada lilivutia, lakini hoteli hazikukaa zikishindania mgeni. Zilikuwa zimekwisha kuipa kampuni viwango vyao vya chini, na kompyuta ililinganisha tu. Chukua mfano wa hoteli iliyoweka dola 70: aliyetaja 65 alikataliwa, aliyetaja 90 alikubaliwa, na tofauti ikabaki kwa kampuni. Sanaa yote ya mnunuzi ilikuwa kukisia namba ambayo muuzaji ameificha.

Kufichwa kwa jina nako hakukuwa mchezo. Hoteli inayotangaza dola 150 na kuuza hadharani kwa 80 huharibu bei yake mwenyewe. Mteja wa jana atadai arudishiwe, na wa kesho atasubiri punguzo. Ikiuza chini ya kitambaa, anayelipa bei kamili hajui kitu, na chumba ambacho kingelala bure kinaingiza chochote. Kampuni ya Hotwire, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliichukua nusu ya wazo hilo: bei ilionyeshwa wazi, jina likafichwa, na msafiri hakulazimika kukisia. Kwa wengi hiyo ilikuwa nafuu, ingawa aliyekuwa tayari kuhangaika na Priceline mara nyingi alipata bei ya chini zaidi.

Ugomvi mkubwa ulizuka Septemba 1999, pale Expedia, iliyokuwa mali ya Microsoft, ilipofungua huduma yake ya kumruhusu msafiri kutaja bei ya chumba. Mwezi uliofuata Priceline iliishtaki Microsoft kwa kuvunja hataza. Hati ya mashtaka ilidai kwamba kampuni hizo mbili zilikuwa zimefanya mazungumzo kabla, na kwamba Bill Gates mwenyewe hakukubali hataza imzuie kufanya biashara aliyoitaka. Wachambuzi wa Marekani waligawanyika. Wako waliosema Walker amebuni kitu kipya, kwa kuwa mnunuzi anajifunga kwa kadi kabla muuzaji hajajulikana. Wako waliouliza inawezekanaje serikali impe mtu mmoja miliki ya jambo ambalo masoko ya dunia yamelifanya tangu masoko yaanze. Mwanamke anayeuza vitenge Birere, au anayepima unga katika soko la Virunga, angeshangaa kusikia kwamba mteja kusema bei yake kwanza ni uvumbuzi wenye namba ya usajili. Na angekuwa na haki ya kushangaa. Sehemu iliyokuwa mpya ilikuwa kadi ya benki na kufungwa macho. Kubishana bei hakukuwa kwa Connecticut.

Kesi haikufika hukumu. Januari 2001 pande mbili zilipatana, Expedia ikakubali kulipa mrabaha, na shauri likafutwa. Kufikia hapo Priceline ilikuwa imekaribia kuzama. Hisa zake zilizofika dola 165 katika mwaka wa 1999 zilikuwa zimeshuka hadi karibu dola 1 mwishoni mwa 2000, na jaribio la Walker la kuuza hata vyakula vya dukani na petroli kwa njia ya kutaja bei lilikuwa limefungwa Oktoba mwaka huo. Ni vyumba vya hoteli vilivyoiokoa, kwa sababu chumba kitupu kinaharibika kwa saa, wakati mfuko wa sukari unaweza kusubiri mwezi.

Kwa nini mnada huo haukufika Goma ni jambo linaloelezeka bila kumlaumu mwenye hoteli. Ulihitaji kadi ya benki, katika nchi ambayo watu wengi hawana hata akaunti. Ulihitaji hoteli nyingi za daraja moja katika mtaa mmoja, ili msafiri asijali ataangukia ipi. Mjini Goma hoteli ya jirani inaweza kuwa na umeme usiku kucha na hii isiwe nao. Na ulihitaji mgeni anayekubali kulala asipopajua. Katika mji wenye historia ya vita, mtu hununua kwanza usalama: ukuta, mlinzi, ukaribu na mpaka. Hoteli ya Ihusi, kwenye ufukwe karibu na kituo cha mpaka cha Grande Barrière, ilipata wateja kwa sababu hiyo pia. Kuficha jina na mahali pa hoteli katika mji kama huu kungekuwa kuficha kitu pekee ambacho mgeni anakilipia.

Kilichofika ni ndugu wa mnada huo. Mwaka 2005 Priceline ilinunua kampuni ndogo ya Uholanzi, Booking, kwa dola milioni 133, na mtoto akamzidi mzazi. Booking haikuficha jina wala haikuomba mtu ataje bei. Iliorodhesha hoteli, ikaonyesha picha, ikaruhusu mgeni alipie kaunta, na ikadai kamisheni ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia 15. Utaratibu wa kulipia kaunta uliwezekana Goma, na hoteli za mji zikaingia katika orodha hiyo. Katika Afrika, kampuni ya Jovago iliyoanza mwaka 2013, baadaye ikaitwa Jumia Travel, ilijaribu njia kama hiyo hadi biashara yake ilipokabidhiwa Travelstart mwishoni mwa 2019. Mnada wenyewe ulikuwa umeanza kufa: mwaka 2016 Priceline iliacha kupokea bei za wasafiri kwa tiketi za ndege, vyumba vikafuata baadaye, na mwaka 2018 kampuni mama ikabadilisha jina kuwa Booking Holdings. Vyumba vya jina lililofichwa vimebaki. Mnunuzi haulizwi tena bei yake.

Orodha hizo zilikuja na sharti ambalo halikupokewa vizuri popote: hoteli isitangaze kwingine bei ya chini kuliko ile iliyo kwenye orodha. Ujerumani iliizuia Booking kulitumia mwaka 2015, na Ulaya ikalibana zaidi mwaka 2024. Mazungumzo ya kaunta, hata hivyo, hayatangazwi popote. Msafiri mwenye busara wa Goma alitazama picha na bei kwenye orodha, kisha akapiga simu hotelini moja kwa moja. Mwenye hoteli aliyekuwa apoteze asilimia 15 alikuwa na kila sababu ya kumgawia sehemu yake.

Miaka ya kabla ya 2018 ilitoa matumaini ya kweli. Kibali cha kuona sokwe wa milimani katika Virunga kilikuwa dola 400, na Rwanda ilipopandisha chake hadi dola 1,500 Mei 2017, tofauti hiyo pekee ilimtosha mgeni kulipia vyumba na gari. Virunga ilifika hata kushusha kibali hadi dola 200 katika miezi ya wageni wachache, kanuni ileile ya chumba kitupu. Mei 2018 mhifadhi Rachel Masika Baraka aliuawa na watalii wawili wa Uingereza wakatekwa. Hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi Februari 2019. Mwaka mmoja baadaye ilikuja korona, na tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka tena.

Tangu 2025, anayetaka chumba Goma hufika kwa barabara au kwa mashua kutoka Bukavu, na anayetoka ng'ambo hutua Kigali na kuvuka mpaka kwa miguu kutoka Gisenyi. Mapatano hufanywa kwa simu kabla ya safari, na malipo hupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa ada inayokatwa kila fedha inapohama na kwa tatizo la kupata noti taslimu upande wa pili. Bei inayotajwa kwanza leo haina maana kubwa, kwa kuwa chumba ni rahisi kupatikana na mgeni ndiye adimu. Wenye hoteli wameona mji ukichomwa na lava, ukitekwa mara kadhaa na kujengwa upya, na wengi hawajafunga. Ni aibu kwamba viongozi wanaojadili Goma katika miji ya mbali wanautaja uwanja wa ndege kama turufu ya mazungumzo, wakati mpishi, dobi na mama wa mapokezi wanasubiri ufunguliwe ili wapate mshahara. Punguzo wanalotoa sasa kwa mgeni linatoka katika mshahara huo.